Sheria Inayofika Kabla ya Siku Kuisha

Katika miaka niliyofanya kazi ya uwakili Ifakara, nimewaona watu wenye haki wakipoteza mashamba yao kwa sababu ya kalenda. Shahidi yupo, karatasi ya mauziano ipo, muhtasari wa kijiji upo, lakini siku za kukata rufaa zimepita. Aliyeshindwa kwenye shauri lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayetaka kurudisha ardhi yake iliyo mikononi mwa mwingine ana miaka 12. Siku hizo hazimsubiri mtu avune, wala hazijali kwamba mvua za masika zimekata barabara.

Ninawaandikia mawakili vijana wanaofikiria kufungua ofisi peke yao mbali na miji mikubwa, na ninawaandikia pia wananchi watakaowahitaji. Nina jambo moja la kusema. Kwa wakili wa peke yake, kompyuta, simu na tovuti hupata thamani yake pale zinapomfikishia mtu sheria siku zake zikiwa bado zipo. Faida nyingine zote huja baada ya hiyo.

Nimezaliwa Mchombe, kwenye ile barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na majaruba ya mpunga yakishuka upande wa pili kuelekea mbuga za mto Kilombero. Reli ya Tazara, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, inapita huko huko kwetu. Wandamba, Wabena, Wapogoro na Wahehe wamelima hapa kwa vizazi, na wafugaji kutoka mikoa ya kaskazini wameingia na mifugo yao. Bonde lenyewe liliwekwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Mkulima, mfugaji, mwekezaji na mhifadhi wote wanaitazama ardhi ile ile, na kila msimu thamani ya ekari moja ya mpunga inapanda. Ndiyo maana mafaili ya ofisi yangu yamejaa mipaka, mauziano na mirathi.

Wazo la kuandika sheria kwenye mtandao nililipata nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Tulikuwa tunachanga hela ya kafe ya intaneti, na hapo ndipo nilipoikuta Jikomboe, blogu ya Ndesanjo Macha, mwandishi mwenye elimu ya sheria aliyekuwa miongoni mwa watangulizi wa kublogu kwa Kiswahili. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi naye akaanza blogu yake, na Watanzania waliotawanyika duniani wakawa wanasoma habari za nyumbani kila asubuhi. Kilichonishika kwa Ndesanjo ni kwamba alieleza mambo mazito kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kumwonea haya msomaji wala kumdharau. Nilijiambia kwamba siku nitakayokuwa wakili, sheria ya ardhi nitaieleza namna hiyo.

Nilifungua ofisi Ifakara mwaka 2014: chumba kimoja si mbali na soko, meza, kabati la mafaili na printa. Wakili wa kampuni kubwa ana maktaba, ana karani na ana wenzake wa kujadiliana nao. Mimi sikuwa na kimoja. Ukitaka kusoma uamuzi wa Mahakama ya Rufani, ulimpigia rafiki wa Dar es Salaam akupigie nakala na kuituma kwa basi. Ukikata rufaa ya ardhi, faili lilikwenda Dar es Salaam, kwa sababu Mahakama Kuu ilikuwa bado haijafungua masjala yake Morogoro. Hiyo ilikuja mwaka 2021, pamoja na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki.

Maktaba niliipata kwenye TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania inayoweka hukumu na sheria bure kwa kila mtu. Usiku mmoja wa kusoma pale ulinipa kesi za mfano ambazo zamani zingenichukua wiki nzima na nauli mbili. Kwa wakili wa mkoani haya ni mapinduzi ya kweli. Baraza linapokuuliza, "Wakili, una mamlaka gani ya hoja hiyo?", unaitaja hukumu kwa jina, mwaka na ukurasa, sawa na wakili yeyote wa Dar es Salaam.

Kisha zikaja Kanuni za Usajili wa Mashauri kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018. Chini ya kanuni hizo, hati iliyowasilishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama kabla ya saa sita usiku inahesabiwa kuwa imewasilishwa siku hiyo hiyo. Fikiria maana yake kwa mtu aliye Ifakara: dirisha la masjala linalofungwa jioni mjini Morogoro, sasa liko mezani kwako hadi usiku. Unapandisha hati, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, na risiti inabaki kwenye mfumo.

Pamoja na hayo, usiku wa manane si rafiki wa wakili. Bonde letu lina mitambo ya umeme ya Kidatu, megawati 204, na ya Kihansi, megawati 180, na bado mvua kubwa ikinyesha umeme wa Ifakara hukatika na mtandao hukatika nao. Ofisini nimejiwekea utaratibu nisiouvunja: hati inakuwa tayari wiki moja kabla ya siku ya mwisho, na inapandishwa asubuhi. Mfumo ukigoma ninapiga picha ya skrini yenye tarehe na saa, kisha ninamtaarifu Msajili bila kukawia, kwa sababu nafuu iliyomo kwenye kanuni humfaa yule aliyetoa taarifa mapema na mwenye ushahidi.

Yote hayo yalinisaidia mimi. Kwamba hayatoshi nilikwisha kufundishwa, hata kabla ya kanuni hizo za 2018, na mama mmoja mjane wa kwetu. Ninaisimulia habari yake kwa ridhaa yake, na nimeyaacha yale ambayo jirani angemtambua kwayo. Aliingia ofisini mwezi Agosti, karatasi zake amezifunga ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwanasheria?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae. Hukumu ya baraza ilitoka lini?"

"Ilitoka tunaanza kuvuna. Nikasema ngoja nivune kwanza, nipate nauli na hela ya wakili."

Nilizitandaza karatasi mezani. Kulikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliompa marehemu mumewe eneo lile, wenye majina na sahihi. Wanasheria wa ardhi wanajua uzito wa karatasi hiyo: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hoja ya rufaa ilikuwepo. Siku 45 ndizo zilizokuwa zimekwisha, tena kwa mbali. Tuliomba Mahakama Kuu iongeze muda. Mahakama humtaka mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa, na mavuno hayakuhesabiwa kuwa sababu ya kutosha. Maombi yalikataliwa.

Mama yule alikuwa amefanya kile ambacho mkulima yeyote mwenye busara angefanya: kuvuna, kuuza, kulipa. Hakuna aliyemwambia kwamba sheria inahesabu kwa namna nyingine. Mimi nilikuwa nimejaza kompyuta yangu hukumu za kila aina, na mwanakijiji mwenzangu hakuwa na mstari mmoja wa kumwonya. Wiki ile ndipo nilipoandika makala yangu ya kwanza, yenye kichwa "Ukishindwa barazani leo, fanya haya kesho."

Ilikuwa fupi. Omba nakala ya hukumu kwa barua, na ubaki na nakala ya barua hiyo yenye mhuri wa kupokelewa. Andika tarehe ya hukumu ukutani na uhesabu siku. Usingoje hela ya wakili itimie. Njoo tuongee, malipo yana namna yake. Niliiweka kwenye blogu niliyoifungua bure, na kiungo chake nikakituma kwa vijana ninaowafahamu Mchombe. Kijana mmoja wa mashine ya kukoboa mpunga aliwasomea kwa sauti wazee waliokuwa wakisubiri zamu. Baada ya muda mzee mmoja akanipigia: ameshindwa barazani wiki iliyopita, afanyeje? Alikuwa bado na siku mkononi. Rufaa yake ilisajiliwa ndani ya muda, na shauri lake likasikilizwa kwa hoja zake.

Kutoka hapo nilijifunza namna ya kuandika. Kwanza, kichwa cha habari kiwe swali kama mteja anavyoliuliza mlangoni. Hakuna mtu wa Mchombe anayetafuta "uhamishaji wa maslahi katika mali ya marehemu". Anauliza: "Nimeuziwa shamba na mtoto wa marehemu. Je, ni langu?" Basi nikaandika hivyo hivyo, na jibu likatangulia maelezo: mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo kabla ya kulipa, omba uoneshwe barua yake ya usimamizi. Pili, ukurasa uwe mwepesi. Msomaji wangu anatumia bando dogo kwenye simu ya kawaida, na picha ya nyundo ya hakimu haimsaidii kitu. Tatu, kila makala imalizike na orodha ya vitu vya kuja navyo ofisini: hati zenyewe halisi, kitambulisho, majina ya mashahidi, tarehe. Orodha hiyo imewaokolea watu nauli nyingi za kurudi nyumbani kufuata karatasi iliyosahaulika.

Mwezi Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi milioni 1, na ada ya mwaka milioni 1 nyingine. Watetezi wa haki za binadamu na wadau wa habari walizipinga Mahakama Kuu Mtwara wakapata zuio la muda, lakini zuio likaondolewa, na mwezi Juni hata jukwaa la mtandaoni la JamiiForums lililazimika kufunga kwa muda. Kwa ofisi ya chumba kimoja fedha hizo zilikuwa kodi ya pango ya miezi mingi. Wakili hawezi kuwafundisha watu kutii sheria huku yeye akiikwepa, kwa hiyo niliifunga blogu.

Makala hazikufa. Nilizipiga chapa, kila moja karatasi moja ya A4, nikaziomba ofisi za kata na vijiji zizibandike kwenye mbao zao za matangazo, nyingine nikaziacha zahanati na kwenye mashine za mpunga. Wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilikwisha kuwatambua, walizichukua wakazisoma kwenye mikutano. Kipindi kile kilinionesha kwamba kazi yenyewe ilikuwa yale maandishi mafupi, sahihi, yenye tarehe. Mtandao ni barabara mojawapo ya kuyapitisha, na barabara ikifungwa, maandishi mazuri hupata njia nyingine. Kanuni za Maudhui za 2018 zilifuatiwa na nyingine mwaka 2020, nazo zikarekebishwa 2022. Baada ya kuzisoma zote kwa makini ndipo nilipofungua tovuti ya ofisi. Wakili kijana asome kanuni zinazotumika siku anayoanza, asitegemee alichosikia.

Lipo pia suala la maadili ya kazi yetu. Kanuni za Maadili ya Mawakili za 2018 zinamkataza wakili kujinadi na kuwinda wateja. Mpaka nilioufuata ni huu: ninaandika sheria inasemaje na mtu afanye nini, siandiki nimeshinda kesi gani wala simtangazi mteja wangu. Kuhusu siri ya mteja, bonde limenifundisha zaidi ya darasa. Dar es Salaam ukificha jina umemficha mtu. Mchombe ukisema "mjane mwenye shamba karibu na mto aliyegombana na shemeji yake", kijiji kizima kimemjua kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo mifano ya makala zangu inatoka kwenye hukumu zilizokwisha kutolewa hadharani, tena za wilaya za mbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imelitilia nguvu jambo hili: nyaraka za mteja zilizomo kwenye simu na kompyuta yangu ni amana, na nitaulizwa nilivyozitunza.

Simu janja zimeleta mazoea mapya. Mtu wa Mchombe anapiga picha karatasi ya mauziano na kunitumia WhatsApp kabla hata hajapanda gari. Karatasi hizo nazijua: ukurasa wa daftari kubwa, wino wa bluu, mipaka iliyoandikwa "kaskazini mwembe, kusini mfereji", sahihi za mashahidi na mhuri wa kijiji uliofifia pembeni. Kwenye picha ninaweza kuona mapema kwamba aliyeuza hakuwa na mkewe miongoni mwa waliosaini, au kwamba tarehe imekwanguliwa, nikamwambia alete nini zaidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama haikatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kwa hiyo ujumbe wa malipo ya simu na mazungumzo ya WhatsApp navyo vinaweza kuokoa shauri iwapo simu yenyewe imetunzwa. Lakini huwa nawasisitiza wateja: picha ya hati si hati. Karatasi halisi itunzwe pakavu, na ilipiwe ushuru wa stempu, kwa maana bila ushuru huo baraza halitaipokea.

Kuna wajibu mwingine ambao watu wanausahau: sheria inabadilika, na makala ya zamani inaendelea kusomwa. Hadi 2021 Baraza la Kata liliweza kuamua migogoro ya ardhi. Marekebisho ya mwaka huo yakaliachia kazi ya kupatanisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda baraza la wilaya. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kisha Julai 1, 2025 toleo jipya la sheria za nchi likaanza kutumika, na vifungu vingi vikapata namba mpya. Kila mabadiliko kama hayo nayachukulia kama msimu wa palizi: ninapitia makala zote, ninasahihisha, na juu kabisa ninaandika tarehe ya kupitiwa. Makala ya sheria isiyo na tarehe inaweza kumpeleka mkulima kwenye mlango uliokwisha kufungwa, naye akatumia siku zake hapo.

Mwisho kabisa, mfikirie mteja wako siku ambayo wewe haupo. Ofisi ya mtu mmoja ikipata msiba, ugonjwa au wizi wa kompyuta, kalenda ya mahakama haisimami. Nakala za mafaili yangu zinahifadhiwa sehemu mbili zenye nywila, na wakili mwenzangu ninayemwamini anayo bahasha iliyofungwa yenye maelekezo ya kuzifungua pamoja na orodha ya tarehe za mwisho za kila shauri. Naye amenikabidhi yake. Wateja wetu tumewaeleza na wameridhia.

Kijana unayetaka kurudi kwenu na shahada yako, usianze na tovuti ya kupendeza. Kaa na wazee, wasaidizi wa kisheria na mtendaji wa kijiji, uwaulize watu wamepoteza haki zipi kwa kuchelewa. Andika muda wa kila moja kwa Kiswahili cha watu wa kwenu, taja sheria, weka tarehe, na upeleke maandishi hayo kila panaposomwa: kwenye simu, ubaoni, kwenye mashine ya mpunga. Wateja watakuja, na utakula kwa kazi yako. Wengine hawatakuja kabisa, kwa sababu walisoma, wakawahi, wakamaliza jambo lao wenyewe. Wahesabu hao pia kuwa kazi uliyoifanya vizuri.